Namna ya Kukokotoa Maswali ya Fizikia: Kuanzia Gunia Kwenye Ubao Hadi Ndoo ya Maji ya Moto

Mwanafunzi anayeanza fizikia huwa na tabia moja ambayo ni vigumu kuiacha. Akishasoma swali mara moja, hukimbilia orodha ya kanuni na kutafuta ile ambayo herufi zake zinalingana na namba alizopewa. Akipewa tungamo na mchapuko, anazidisha. Akipewa volteji na ukinzani, anagawanya. Njia hii humfaa katika maswali mepesi ya mwanzo, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu humzoesha kuamini kwamba fizikia ni kazi ya kuoanisha herufi. Likija swali lenye vitu viwili, au lenye namba moja ambayo haihitajiki kabisa, anakwama.

Mpangilio ninaoupendekeza hapa unaanzia upande mwingine. Kwanza simulia tukio. Kisha chagua kitu kimoja utakachokichunguza na ukizungushie mpaka wa mawazo. Kisha andika kila kinachovuka mpaka huo au kukigusa kitu hicho, kama mwenye duka anavyoandika daftarini kilichoingia na kilichotoka. Kanuni huja baada ya hapo, na mara nyingi huja yenyewe. Utaratibu huu ni uleule katika umakanika, umeme na joto. Kinachobadilika ni kile kinachoandikwa daftarini.

Simulia kwanza, na uyachunge maneno matatu

Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya maswali ya fizikia huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hulazimika kupambana na lugha na tukio kwa wakati mmoja. Ushauri wangu ni kwamba, baada ya kusoma swali mara mbili, uligeuze karatasi na ueleze kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili au tatu, kuna vitu gani, mwanzoni vilikuwa katika hali gani, kisha kikatokea nini, na muulizaji anataka kujua nini. Ukishindwa kusimulia, hujalielewa swali, na hakuna kanuni itakayokuokoa.

Hata hivyo, Kiswahili cha kila siku kina maneno matatu yanayobeba mizigo zaidi ya mmoja, nayo huwaponza hata wanafunzi hodari. La kwanza ni *nguvu*. Mtaani tunasema mtu ana nguvu, betri imeisha nguvu, na pampu hii ina nguvu kuliko ile, ilhali kwenye fizikia hayo ni mambo matatu: kani, inayopimwa kwa nyutoni, nishati, inayopimwa kwa juli, na kasi ya kutumia nishati hiyo, inayopimwa kwa wati. La pili ni *uzito*. Gunia tunaloliita la uzito wa kilo 100 lina tungamo la kilo 100, na uzito wake, yaani kani ambayo dunia inalivuta nayo, ni nyutoni 980, kwa kuwa kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.8. La tatu ni *joto*, ambalo hutumika kwa nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, na pia kwa halijoto inayosomwa kwenye kipimajoto. Pampu ya baiskeli inapopata moto mkononi mwako, halijoto ya hewa iliyomo imepanda bila moto wowote kuwashwa chini yake. Kilichoingia ni kazi ya mkono wako. Asiyetenganisha joto na halijoto hataielewa pampu hiyo.

Niliwahi, nikiwa kidato cha tano, kukokotoa uzito wa mtu mzima nikapata nyutoni 6, nikaupigia mstari na kuendelea na swali linalofuata. Nilikuwa nimegawanya kwa 9.8 badala ya kuzidisha. Laiti ningejiuliza nyutoni 6 ni kiasi gani, ningegundua kwamba mtu huyo ni mwepesi kuliko chupa ya lita moja ya maji, ambayo peke yake ina uzito wa karibu nyutoni 10.

Gunia kwenye ubao

Tuchukue swali hili. Makuli wawili wanapakia gunia la mahindi la kilo 100 kwenye lori kwa kulivuta juu ya ubao wenye urefu wa mita 4. Sakafu ya lori iko mita 1.2 juu ya ardhi. Kizigeu cha msuguano kati ya gunia na ubao, ile namba inayoandikwa μ, ni 0.4. Gunia linapanda kwa mwendo usiobadilika. Je, makuli wanavuta kwa kani kiasi gani?

Kitu cha kuchunguza ni gunia peke yake. Makuli, ubao, lori na dunia viko nje ya mpaka, na kila kani tutakayoiandika lazima iwe na mwenyewe miongoni mwao. Sharti hili la kumtaja mwenye kani ni dogo, lakini hufyeka makosa mengi. Dunia inalivuta gunia kwenda chini. Ubao unalisukuma kwa pembe mraba na uso wake. Ubao huohuo unalikwaruza, na kwa kuwa gunia linapanda, msuguano unaelekea chini ya mteremko. Makuli wanavuta kwenda juu. Basi. Mwanafunzi atakayetaka kuongeza "kani ya mwendo" kwa sababu gunia linakwenda, aulizwe ni nani anayeitoa; hatapata jina la kumpa, na ataifuta.

Chora mchoro mkubwa, walau nusu ukurasa, kwa sababu mchoro mdogo huficha pembe. Kisha weka mihimili miwili, mmoja ukifuata ubao na mwingine ukiukata kwa pembe mraba. Ungeweza kutumia mihimili ya kawaida, wa mlalo na wa wima, na jibu lingekuwa lilelile, lakini ungelazimika kuzigawa kani tatu vipandevipande badala ya moja.

Sini ya pembe ya ubao ni 1.2 kugawanya kwa 4, yaani 0.3, na kosini yake ni takriban 0.954, hatuhitaji hata kujua pembe ni digrii ngapi. Kwa upande wa pembe mraba gunia halipai wala halizami, hivyo ubao unasukuma kwa 980 × 0.954, ambayo ni nyutoni 935. Hapa ndipo wengi huandika 980 kwa mazoea, wakisahau kwamba ubao ulioinama haubebi uzito wote. Msuguano ni 0.4 × 935, yaani nyutoni 374. Sehemu ya uzito inayolirudisha gunia chini ni 980 × 0.3, yaani nyutoni 294. Kwa kuwa mwendo haubadiliki, kani za kupanda na za kushuka zinatoshana kabisa, na makuli wanavuta kwa 294 + 374, yaani nyutoni 668.

Sentensi hiyo ya mwisho huleta ubishi kila ninapoifundisha. Mwanafunzi huuliza: kama kani zinatoshana, gunia linakwendaje? Jibu ni kwamba kani isiyotoshelezwa hubadilisha mwendo, haihitajiki kuudumisha. Mwanzoni, gunia lilipokuwa limetulia, makuli walivuta kidogo zaidi ili lianze. Likishaanza, kutoshana kunatosha. Anayelikubali jambo hili moyoni, wala si kwa kukariri tu, amevuka kizingiti kikubwa zaidi cha umakanika.

Sasa tulikague jibu kwa njia isiyotumia kani. Makuli wamefanya kazi ya 668 × 4, yaani juli 2,672. Kulipandisha gunia mita 1.2 kunahitaji 980 × 1.2, yaani juli 1,176, na msuguano umekula 374 × 4, yaani juli 1,496. Jumla ya hizo mbili ni 2,672. Daftari limefunga. Ukaguzi huu unafunua pia jambo ambalo swali halikuliuliza: ubao umewapunguzia makuli kani kutoka nyutoni 980 hadi 668, lakini umewaongezea kazi zaidi ya maradufu. Wanaulipia ubao kwa jasho, na bado wanaupenda, kwa sababu mgongo huumizwa na kani.

Kuna ukaguzi mwingine unaofanywa kabla ya kuingiza namba. Kwa herufi, jibu letu ni mg(sinθ + μcosθ), ambapo m ni tungamo, g ni ile 9.8, na θ ni pembe ya ubao. Laza ubao kabisa, pembe iwe sifuri: kinabaki μmg, yaani msuguano mtupu, kama inavyostahili kwa gunia linaloburutwa sakafuni. Simamisha ubao wima: kinabaki mg, yaani kulinyanyua gunia lenyewe. Aliyebadilishana sini na kosini angepata kwamba kuburuta gunia sakafuni kunahitaji kani ya uzito wake wote, na hapo angejikamata mwenyewe kabla msahihishaji hajamkamata. Ndiyo maana ninasisitiza kubaki na herufi hadi mstari wa mwisho. Namba zikishaingia, mlango wa ukaguzi huu unafungwa.

Volteji ya nani?

Katika umeme, kosa linaloongoza ni kuichukua volteji iliyotajwa kwenye swali na kuitumia kwa kila kifaa. Dawa yake ni kuuliza, kila unapoandika V, ni volteji kati ya ncha zipi mbili.

Tuseme hita ya maji imeandikwa wati 2,000 kwa volti 230. Inaunganishwa kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, kutoka kwenye soketi ya volti 230 hadi bafu la uani lililo umbali wa mita 30. Hita inapata wati ngapi hasa?

Simulizi kwanza. Mkondo unatoka kwenye soketi, unapita waya wa kwanza, unapita hita, unarudi kwa waya wa pili. Njia ni moja, hivyo mkondo ni uleule kila mahali. Chaji hailiwi njiani, kinachopungua ni nishati inayobebwa na kila chaji. Waya ni mita 60, si 30, kwa sababu kuna kwenda na kurudi, na mtego huo hunasa wengi.

Maandishi kwenye hita hayasemi kwamba itatumia wati 2,000 popote itakapochomekwa. Yanasema kwamba ikipewa volti 230 itatumia wati 2,000, na kutokana na hapo tunapata ukinzani wake: 230² ÷ 2,000, yaani omu 26.45. Ukinzani huo ndio tunaouchukulia kuwa haubadiliki, wala si wati. Ukinzani mahususi wa shaba ni takriban 1.7 × 10⁻⁸ omu-mita, hivyo waya wa mita 60 una 1.7 × 10⁻⁸ × 60 ÷ (1.5 × 10⁻⁶), yaani omu 0.68. Zingatia kwamba milimita moja ya mraba ni 10⁻⁶ ya mita ya mraba. Atakayeandika 10⁻³ atapata waya wenye ukinzani mdogo mara elfu moja.

Jumla ya ukinzani ni omu 27.13, na mkondo ni 230 ÷ 27.13, yaani ampea 8.48. Hita inapata 8.48² × 26.45, ambayo ni karibu wati 1,901, na waya unapata moto wa wati 49 hivi. Jumla ni 1,950, ambayo ndiyo 230 × 8.48 inayotoka kwenye soketi. Aliyetumia V²/R (volteji mraba kugawanya kwa ukinzani) kwa waya huku akiweka V kuwa 230 angepata waya unaotoa karibu wati 78,000, jambo ambalo lingeunguza uani wote. Volteji ya waya ni 8.48 × 0.68, yaani volti 5.8 tu, na hita imebakiwa na 224.2. Huu ndio ule "umeme mdogo" unaolalamikiwa na wanaokaa mwisho wa laini ndefu, ila kwao waya ni wa mamia ya mita na watumiaji ni wengi.

Kuhusu sumaku nitasema machache, kwa kuwa ugumu wake ni wa mielekeo zaidi kuliko wa hesabu. Kani ya uga wa sumaku juu ya chaji inayokwenda huwa pembe mraba na mwendo, na pia pembe mraba na uga, hivyo haiongezi wala kupunguza kasi ya chaji, huipindisha tu. Chaji chanya ikienda mashariki ndani ya uga unaoelekea juu, husukumwa kusini. Elektroni ikifanya vivyo hivyo husukumwa kaskazini. Weka mkono wako wa kulia mezani na uthibitishe: vidole vielekee mwendo, vikunje kuelekea uga, na dole gumba litaonyesha kani ya chaji chanya. Usikubali kuukariri mwelekeo kwa maneno.

Jibu linapokataa

Turudi kwenye hita. Imewekwa kwenye ndoo ya lita 20 za maji yenye nyuzi 25, na mtu anataka kuoga kwa maji ya nyuzi 40. Maji ni kilo 20, uwezo wake mahususi wa joto ni juli 4,200 kwa kilo kwa kila nyuzi, na halijoto inapanda nyuzi 15, hivyo inatakiwa nishati ya juli 1,260,000. Kwa wati 1,901 hiyo ni sekunde 663, yaani dakika 11 na kidogo.

Bafuni itachukua muda zaidi, na mwanafunzi makini ataandika kwa nini: tumepuuza joto linalopotea kwa ndoo na hewa, na maji yanayovukizwa. Kuandika ulichokipuuza si mapambo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya mwingine uliokuwa umepoa, na baadaye alimuuliza jambo hilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza shuleni Iringa. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, na wanafizikia wangali wanabishana kuhusu tukio hilo. Ubishi wenyewe kwa sehemu kubwa unahusu yale ambayo hesabu rahisi huyapuuza: uvukizaji, mizunguko ya maji, gesi zilizoyeyuka, na barafu iliyo chini ya chombo.

Swali linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote katika sehemu hii. Gramu 200 za barafu ya nyuzi 0 zinatiwa kwenye gramu 500 za maji ya nyuzi 30. Halijoto ya mwisho ni ngapi? Mwanafunzi aliyezoea kanuni anadhani barafu yote itayeyuka, anaandika mlinganyo wake, na anapata −1.3. Maji yaliyoyeyuka yote, lakini yako chini ya nyuzi sifuri! Hesabu yake haina kosa la kuzidisha. Kilichokosewa ni simulizi. Kila kilo ya barafu huhitaji juli 334,000 ili iyeyuke, hivyo kuiyeyusha yote kunahitaji 0.2 × 334,000, yaani juli 66,800, wakati maji yakipoa hadi sifuri yanatoa 0.5 × 4,200 × 30, yaani juli 63,000 tu. Hazitoshi. Mwisho wake ni nyuzi 0 kamili, huku gramu 11 hivi za barafu zikiendelea kuelea. Kwa hiyo kila penye kuyeyuka au kuchemka, uliza kwanza kama nishati iliyopo inatosha kumaliza mabadiliko hayo, ndipo uandike mlinganyo.

Kwa gesi, mitego ni miwili na yote inakaa kwenye tairi moja. Tairi la basi limejazwa asubuhi, nyuzi 27, hadi kipimo kikasoma kilopaskali 700. Barabarani hewa yake inafika nyuzi 57, na tuchukulie ujazo haubadiliki. Aliyegawanya 57 kwa 27 atapata kipimo cha karibu 1,480, na tairi lingekwisha kupasuka. Halijoto lazima iwe ya kelvini, yaani uongeze 273 upate 300 na 330, na kanieneo lazima iwe kamili, yaani ujumlishe na ile ya anga, takriban 100, kwa kuwa kipimo cha tairi huhesabu sifuri kutoka kwenye kanieneo ya hewa ya nje. Basi 800 × 330 ÷ 300 ni 880, na kipimo kitasoma 780.

Alama za jumlisha na toa katika sheria ya kwanza ya thamodinamiki, ile isemayo kwamba nishati ya ndani ya gesi hubadilika kwa kadiri ya joto na kazi inayoingia au kutoka, huwachanganya wengi kwa sababu vitabu havikubaliani: vingine huhesabu kazi inayofanywa na gesi, vingine kazi inayofanyiwa gesi. Usikariri mojawapo. Chora mpaka kuzunguka gesi, chora mshale wa kila nishati inayoingia na inayotoka, na alama zitajipanga zenyewe.

Ukimaliza swali, usiliache siku hiyohiyo. Badilisha namba moja, kisia jibu kabla ya kukokotoa, kisha kokotoa. Chukua ile hita: waya wa milimita 1.5 za mraba uwe wa 2.5. Kisia, kwanza, maji ya kuoga yatawahi kwa muda gani. Ukinzani wa waya unashuka hadi omu 0.41, hita inapata karibu wati 1,940, na ndoo inakuwa tayari kwa sekunde 650, yaani sekunde 13 mapema.